Vidonge Ishirini na Viwili

Jumatatu, 3 Machi

Daktari amesema niandike. "Andika unavyolala, unavyokula, moyo unavyokwenda. Mimi sitalisoma daftari lako. Utanisomea unachotaka wewe." Haya, naandika. Nimenunua daftari la shule lenye kurasa themanini na jedwali la kuzidisha mgongoni.

Ni daktari wa magonjwa ya akili. Nimeliandika jina lote ili nilizoee. Kabla yake nimepita kwa madaktari watatu wa moyo, na wote wameniambia moyo wangu ni mzima. Kumbe mzima unaweza kukupiga kifuani mpaka ukalala chini ya meza ya kukatia ukisubiri kufa, huku mafundi ishirini wamesimamisha cherehani wanakutazama. Hiyo ilikuwa mwezi jana. Bosi wangu ndiye aliyesema, "Wewe si moyo. Wewe ni wasiwasi. Hata kitambaa unakipima mara nne." Karakana nzima wananiita Mama Futi.

Daktari ni mama mfupi, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeshangilia mpira. Ameniandikia vidonge thelathini, kimoja kila asubuhi. Amenipa masharti matatu. Wiki mbili za mwanzo naweza kujisikia vibaya zaidi, nisiogope. Nisiache bila kumwambia. "Na hii ni yako peke yako. Usimpe mtu, hata akulilie." Nikacheka. Nani atalilia dawa ya wazimu?

Mvua imeanza leo.

Jumanne, 4 Machi

Kidonge cha kwanza. Hakuna kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Usingizi hakuna. Taya zimekaza. Miguu inataka kutembea hata nikiwa nimekaa. Mdogo wangu wa kiume amenikuta jikoni natembea kutoka sinki hadi mlangoni. Akasema, "Dada, utatoboa sakafu." Ninakaa kwake, chumba cha nyuma, mwaka wa tano sasa. Hajawahi kunifanya nijione mgeni.

Jumatano, 12 Machi

Leo sikumeza.

Nieleze, maana nitaulizwa. Jana tulikuwa na kazi ya sare za shule, matabaka arobaini ya kitambaa, moja juu ya jingine. Mashine ya kukatia ikipita mara moja imekata mashati arobaini. Ukikosea, umekosea mara arobaini. Nilishika mashine na mkono ukatetemeka. Nikaiweka chini. Nikaishika tena. Bosi akaja, akakata yeye mwenyewe. Huyu mama ana miaka sitini na goti bovu.

Nimekula vidonge vinane. Vimebaki ishirini na viwili. Nimevitia kwenye droo, chini ya soksi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimelala kidogo. Mvua.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemdanganya daktari.

Niliingia na nia ya kumwambia. Lakini alinipokea na tabasamu, akasema, "Mama, leo uso umetulia!" Uso ulikuwa umetulia kwa sababu nimeacha dawa yake. Akauliza, "Unameza kila siku?" Nikasema ndiyo. "Mwili unaipokea?" Vizuri sana. Akaandika. Nilimwona akifurahi, na mimi nikashindwa kumharibia siku yake. Nikatoka na cheti cha dawa ya mwezi unaofuata, nikakikunja ndani ya daftari hili. Nitarudi tarehe 14 Aprili.

Mtu mzima mwenye mvi, nadanganya kama mtoto aliyekula sukari.

Jumamosi, 22 Machi

Wifi yangu, mke wa mdogo wangu, tunafanya kazi karakana moja. Mimi nakata, yeye anashona kola. Ana mkono mzuri kuliko wote pale ndani. Leo mvua ilitulia saa tisa, tukatoka kuanika nguo uani. Nikamwona ameshika shuka ya mtoto wake, haiweki kwenye kamba, machozi yanamtoka bila sauti.

"Wifi, vipi?"

"Sijui. Kifua kinabana. Toka mimba ile itoke, sikai sawa. Nikishona naona kama kuna kitu kibaya kiko nyuma ya kiti."

Mimba ilitoka mwaka jana mwezi wa nane. Hatukuwahi kuizungumzia tena nyumba hii. Mdogo wangu alisema tutapata mwingine, basi.

Kifua changu nacho kikaanza kubana kwa kumsikiliza tu. Nikaogopa kwamba akiendelea kusema, na mimi nitaanguka palepale kwenye matope. Nikataka anyamaze. Huo ndio ukweli. Nikamwambia, "Subiri," nikaenda chumbani, nikafungua droo.

"Hizi nimepewa na daktari wangu. Kimoja asubuhi. Mimi sizitumii."

"Hazina madhara?"

"Mwanzo tu, utajisikia ovyo. Vumilia."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanishukuru.

Jumamosi, 29 Machi

Wifi anasema anaanza kulala. Mimi ndiye siwezi. Nimemwonea wivu kwa dawa niliyoitupa mwenyewe.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Kitambaa kimevuta unyevu, chaki haishiki. Wifi ameumwa mgongo wa kukaa kwenye mashine, akaenda zahanati. Wamempa dawa kali ya maumivu, asubuhi na jioni. Alinionyesha karatasi wakati wa chai. Niliitazama. Nikamrudishia.

Jumapili, 6 Aprili

Wifi anatoka jasho sana. Anasema ni joto la mvua.

Jumatatu, 7 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Saa tano asubuhi nilikuwa nachora kola. Nikasikia cherehani ya wifi inakwenda bila kupumzika, mshono mmoja mrefu. Fundi hashoni kola hivyo. Nikageuka. Mguu wake ulikuwa unatetemeka juu ya pedali, haushikiki, na kola ilishapita zamani, sindano inachoma hewa. Macho yamemtoka. Nguo imelowa jasho kifuani na mgongoni.

Nikaita, "Wifi!" Akanitazama kama hanijui. Akasema jambo la mvua, kwamba mvua imeingia kwenye mkono. Kisha akaanguka pembeni na kiti chake.

Mafundi walikuja mbio. Mmoja akazima umeme wa mashine. Mwili wake ulikuwa wa moto, hata mkono wangu ukashtuka. Miguu imekaza kama mbao na inaruka yenyewe. Bosi alileta gari lake la kubebea vitambaa, tukamlaza juu ya marobota, mimi nimekishika kichwa chake. Njia nzima nilikuwa namwambia, "Tunafika, tunafika." Nilikuwa najisemea mwenyewe.

Hospitali wakampokea. Mdogo wangu alifika na ovaroli ya kazini, yeye ni fundi wa mabomba ya maji, matope mpaka kiunoni. Nesi akamwambia anawe kwanza. Alinawa miguu kwenye bomba la nje, huku analia.

Wamesema ni homa kali, wanatafuta chanzo.

Jumanne, 8 Aprili

Wamepima damu mara tatu. Hawaoni kitu. Wifi hajui yuko wapi. Mtoto wao wa miaka sita nimemwacha kwa jirani. Aliniuliza, "Shangazi, mama ataamka lini?" Nikamwambia kesho. Nimezoea kudanganya sasa.

Saa nne daktari wa wodi, kijana mwenye miwani, alikuja kitandani. Akamuuliza mdogo wangu, "Mgonjwa anatumia dawa yoyote? Yoyote kabisa, hata ya dukani?"

Mdogo wangu akasema, "Ya mgongo tu. Hii hapa." Akatoa boksi.

"Hakuna nyingine?"

"Hakuna."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mdogo wangu. Ningeweza kumgusa bega. Sikumgusa. Nikajiambia kwamba dawa ile si sumu, mimi nilimeza vinane sikufa. Nikajiambia kwamba watu huugua ghafla bila hata dawa ya mtu. Nikajiambia kwamba nikisema nitapelekwa polisi, mdogo wangu atanitoa nyumbani, na wifi mwenyewe angechukia siri yake imwagwe mbele ya manesi. Kila sababu ilikuja na nyingine nyuma yake, na wakati nazipanga, daktari alishaenda kitanda cha pili.

Jioni nesi alikuja na kikombe cha vidonge. "Hii ni ile yake ya mgongo, tunaendelea nayo asisumbuke na maumivu." Wifi alimezeshwa kwa kijiko. Nilimshikia kichwa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimesema.

Asubuhi wifi alikuwa mbaya zaidi. Hanywi maji. Nesi amempa tena ile ya mgongo, mimi nimesimama. Nikatoka nje. Jengo la daktari wangu liko ng'ambo ya uwanja wa hospitali hiyohiyo. Sikuwa na miadi. Mvua ilikuwa inapiga na mwavuli niliuacha wodini. Nilifika nimelowa mpaka ndani ya viatu. Karani akaniambia nisubiri zamu. Nikampita. Sijawahi kumpita karani maishani mwangu.

Daktari alikuwa na mgonjwa. Nilisema mlangoni, mbele ya mgonjwa huyo, "Daktari, nilikudanganya. Niliacha dawa baada ya siku nane. Nikampa wifi yangu. Yuko wodini hajitambui, na anatumia dawa ya mgongo."

"Dawa gani ya mgongo?"

Nikamtajia.

Hakunigombeza. Alisimama, akachukua simu huku anavaa koti. Nilimsikia anasema jina la dawa yangu na jina la dawa ya mgongo, halafu, "Zisimamisheni zote mbili sasa hivi. Ndiyo, zinagombana mwilini. Joto ni ngapi? Miguu inaruka? Nakuja." Akaniuliza, "Amekula ngapi?" Nikasema nilimpa ishirini na viwili. "Nenda nyumbani uhesabu vilivyobaki. Haraka."

Vilikuwa kwenye mkoba wake wa nyuzi. Vimebaki vinne. Kwa hesabu hiyo, siku nyingine alikuwa anameza viwili.

Niliporudi, daktari wangu na yule kijana wa miwani walikuwa kitandani. Wameshambadilishia dripu. Daktari wangu akanivuta pembeni. "Wenzangu nimewaambia, maana ni roho ya mtu. Mdogo wako sitamwambia mimi."

Nikamwambia mdogo wangu ukumbini, karibu na ndoo ya kukinga maji yanayovuja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Jana daktari alipouliza, wewe ulikuwa nyuma yangu?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua alikuwa anameza."

"Na wewe ukakaa kimya."

"Ndiyo."

Aliingia wodini. Nikadhani amemaliza. Akatoka na mwavuli wangu, akanipa. "Nenda nyumbani, dada."

Alhamisi, 10 Aprili

Joto limeshuka. Nimepigiwa simu na bosi, si na mdogo wangu.

Nimehesabu. Jumanne jioni, Jumatano asubuhi. Nimenyamaza dozi mbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Wifi amemwita mtoto wake kwa jina.

Jumatatu, 14 Aprili

Miadi yangu. Nilitaka nisiende. Nilifikiri sistahili dawa, kwamba aliyemlaza mwenzake hospitali anapaswa kubaki na wasiwasi wake kama kifungo. Nilimwambia daktari hivyo.

"Kifungo hicho kitamsaidia nani?" akauliza.

Nikafungua daftari, nikalifunga.

"Kwa nini uliniambia unaendelea vizuri?"

"Ulikuwa umefurahi."

Akavua miwani yake ya kusomea, akapangusa macho. "Mama, mimi silipwi kufurahi. Ningejua kwamba unatetemeka, ningekupunguzia iwe nusu. Watu wengine mwili wao hautaki kuanza na kidonge kizima. Hilo ningepaswa kukuuliza vizuri zaidi, niliuliza kwa haraka. Mimi nina sehemu yangu. Lakini siwezi kutibu uso. Natibu unachoniambia."

Tukazungumza saa nzima. Akanieleza kwamba bado hatujui kama ile dawa imenikataa, tunajua tu kwamba niliiacha mapema. Tunaweza kuirudia polepole, au tujaribu nyingine ya aina tofauti. Nikamwambia ile siwezi hata kuitazama. Hakubisha. Ameniandikia nyingine, ya kumeza nikienda kulala. "Utaniambia nini ikikusumbua?"

"Ukweli."

"Lini?"

"Siku hiyohiyo."

Alhamisi, 17 Aprili

Wifi karudi nyumbani. Anatembea ameshika ukuta. Mdogo wangu anasema na mimi maneno ya lazima tu: funga geti, maji yamekatika, mtoto amekula. Chakula changu kinaachwa kimefunikwa. Hata hasira yake ina adabu, na hiyo ndiyo inaniumiza.

Jumatatu, 21 Aprili

Nalala kama gunia. Asubuhi kichwa kizito.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimekata mikono ya mashati arobaini, yote ya kushoto. Niligeuza karatasi ya kipimo vibaya nikiwa nusu usingizini. Bosi aliinua mmoja, akainua wa pili, akauliza karakana nzima, "Hii shule watoto wake wana mikono ya kushoto miwili?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kisha nikaenda stoo nikalia.

Nikampigia daktari palepale stoo. Nikamwambia: silali, nazimika, na nimeharibu kitambaa. Akapunguza dozi. Akasema, "Ahsante kwa kunipigia," na sijui kwa nini neno hilo lilinifanya nilie tena.

Jumamosi, 3 Mei

Dozi ndogo, uzito uleule. Na wasiwasi haujaondoka, umelala tu pamoja na mimi.

Jumatatu, 5 Mei

Tumerudi kwenye ile ya kwanza. Nusu kidonge kwa wiki mbili, kisha tutazame.

Niliuliza kama hakuna nyingine. Zipo, akasema, na tunaweza kuendelea kuzijaribu moja moja, lakini kwa maoni yake hii haijapewa nafasi. "Unaikataa kwa sababu ya mwili wako au kwa sababu ya wifi yako?"

"Ya wifi."

"Basi nenda kamuulize wifi."

Jumanne, 6 Mei

Nilimuuliza. Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo za mtoto. Nikamwonyesha boksi.

"Ni zile zile?"

"Ni zile zile. Sitameza usipotaka."

Aliweka nguo chini. "Wifi, usinipe mimi kazi ya kukukataza au kukuruhusu. Niliziomba kwa machozi, na siku nyingine nilimeza viwili bila kukuambia. Sikumwambia hata mume wangu. Kila mtu nyumba hii alikuwa na siri yake chini ya godoro." Akaendelea kukunja. "Lakini ulinipa ili ninyamaze. Nililiona hilo usoni kwako siku ileile."

Nikasema ndiyo. Nikasema nisamehe.

"Bado," akasema. "Meza dawa yako."

Jumatatu, 12 Mei

Nusu kidonge, siku ya saba. Miguu inatembea kidogo usiku. Nimemwambia daktari.

Jumatatu, 19 Mei

Kidonge kizima kuanzia leo. Mvua zimepungua, jua limetoka saa mbili nzima.

Jumanne, 27 Mei

Leo nimekata matabaka arobaini kwa kupima mara moja tu. Mara moja! Mkono umetulia. Bosi alisimama mlangoni akijitia hamnazo, anakagua zipu zisizohitaji kukaguliwa. Nilipomaliza niligundua kwamba sijafikiria kufa tangu asubuhi.

Kisha nikaangalia upande wa mashine za kola. Anashona msichana mpya, kola zinatoka pembe moja ndefu, moja fupi. Furaha yote ikaniishia. Napona kwa kile kilichomlaza.

Jumanne, 3 Juni

Nimemsomea daktari ukurasa huo. Akasema dawa inaondoa wasiwasi usio na sababu, hatia yenye sababu haiigusi. Nikamuuliza itaondoka lini. Akasema hajui, na kwamba hatanidanganya.

Jumatatu, 9 Juni

Wifi ameenda kwa daktari wangu. Ameomba mwenyewe. Niliwasindikiza yeye na mdogo wangu mpaka benchi la nje, nikabaki hapo. Mlango ulipofunguliwa daktari aliuliza nani aingie naye. Wifi akamtazama mumewe, akasema, "Yeye aingie. Kuna mtoto wetu mmoja hatujawahi kumzungumzia."

Wakaingia. Walikaa muda mrefu. Mdogo wangu alipotoka macho yalikuwa mekundu, hakunitazama. Wifi amepewa dawa yake, si kama yangu, na karatasi yenye orodha ya dawa asizopaswa kuchanganya. Ameibandika mlangoni mwa jokofu, herufi kubwa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimepata chumba, mtaa wa pili kutoka karakana. Kina dirisha moja na bomba ndani. Leo nilikuwa napanga vitu kwenye sanduku. Niliona ni haki wapumzike mbali na mimi.

Mdogo wangu alikuja kusimama mlangoni, spana mkononi, ametoka kurekebisha tangi.

"Unakwenda wapi?"

Nikamweleza. Nikasema najua ana hasira, na ana haki nazo, na sitaki kila siku akiamka anione.

"Nina hasira," akasema. "Nyingi. Kuna siku nikikuona unakunywa chai nataka kukivunja kikombe."

"Najua."

"Hujui. Ukihama nitazipeleka wapi? Nitakuwa na hasira na chumba kitupu?" Aligeuza spana mkononi. "Mimi bado sijamaliza na wewe, dada. Kaa hapa mpaka nimalize."

Akaenda kuwasha pampu. Nikasikia maji yanapanda kwenye bomba la ukutani. Nikaanza kutoa nguo kwenye sanduku, moja moja, nikizirudisha kabatini.